Virginia Randolph: Mwalimu aliyeacha darasa lake ili awanoe walimu wenzake

Mwanafunzi akikwama, mwalimu yupo. Sasa mwalimu mwenyewe akikwama, nani yupo?

Hebu lifikirie swali hilo kidogo kabla hujaendelea. Lifikirie hasa kama wewe ni mwalimu wa intani uliyetumwa shule ambayo hukuwahi hata kuisikia, au kama una dada, kaka au rafiki aliyetoka chuo cha ualimu juzi tu. Chuoni alifundishwa nadharia, akafanya mazoezi ya wiki kadhaa, akapewa cheti. Kisha siku moja anajikuta mbele ya watoto wengi, nusu yao hawajui kusoma, na hakuna mtu mzima mwingine chumbani ila yeye.

Chukua mfano wa Bodo, kule kusini mwa Kwale. Ukitoka Ukunda unapita Msambweni, halafu unaiacha lami unashika njia ya kuteremka baharini, mpaka unafika kijiji cha wavuvi ambapo watu hupanda mashua kuvuka kwenda kisiwa cha Funzi. Mwalimu kijana anayepangiwa shule za upande huo yuko mbali na chuo alichosomea na mbali na ofisi za elimu. Akikosea, atakosea peke yake. Akibuni jambo zuri, huenda hakuna atakayelijua.

Lakini kuna mgeni mmoja ambaye mwalimu huyo humtarajia. Huja kwa pikipiki, akaingia darasani, akaketi nyuma pamoja na watoto, akafungua tableti au daftari, akatazama. Somo likiisha, yeye na mwalimu hukaa kando wakazungumza. Siku hizi watu wa elimu humwita CSO, yaani afisa wa kusaidia mtaala. Zamani aliitwa mwalimu wa TAC. Jina hubadilika, ila mtu ni yule yule: mwalimu aliyetolewa darasani ili awasaidie walimu waliobaki.

Kazi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ina mwanzo, na mwanzo wake una mtu. Alikuwa mwanamke mweusi wa Marekani, binti wa wazazi waliozaliwa utumwani. Jina lake ni Virginia Estelle Randolph, na njia aliyoibuni ilifika Kenya karibu miaka 100 iliyopita. Huenda hujawahi kulisikia jina hilo. Basi kaa nami kidogo.

Binti wa Richmond

Virginia alizaliwa mwaka 1870 katika jiji la Richmond, jimbo la Virginia, ingawa vitabu vingine huandika 1874. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimemalizika mwaka 1865, na Richmond ndiyo iliyokuwa makao makuu ya upande uliopigana ili utumwa ubaki. Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa wa kizazi cha kwanza cha familia yake kuzaliwa huru.

Wewe wa Pwani historia ya namna hii si ngeni kwako. Miaka hiyo hiyo ya 1870, kule Kisauni, Mombasa, kilianzishwa kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwa majahazi ya watumwa. Watoto wao wakawa miongoni mwa walimu wa mwanzo wa shule za Pwani. Waliotoka utumwani waliikimbilia elimu kwa sababu walijua vizuri maana ya kunyimwa.

Baba yake Virginia alifariki mapema, mama akabaki na watoto wanne. Alifanya kazi katika nyumba za watu ili wanawe wale na wasome. Virginia alisoma, akaingia shule ya kuwafunza walimu weusi mjini Richmond, na alipofika miaka 16 tayari alikuwa mwalimu. Miaka 16! Leo mtoto wa umri huo bado yuko sekondari, anasumbuliwa kwa sare na simu.

Mwaka 1892 alipewa shule ya Mountain Road, katika kaunti ya Henrico, nje kidogo ya Richmond. Tunaposema shule usifikirie jengo la ghorofa. Kilikuwa chumba kimoja kilichochakaa, katika kiwanja kilichogeuka tope mvua ikinyesha. Watoto wa madarasa yote walikaa humo pamoja, na mwalimu alikuwa yeye tu.

Wazazi walimkataa kwanza

Jambo la kwanza alilolifanya halikuwa kufungua kitabu. Alisafisha. Alipaka kuta chokaa, akatandaza changarawe uwanjani ili watoto wasikanyage tope, akapanda maua na miti. Pesa nyingine zilitoka katika mshahara wake mwenyewe, ambao haukuwa mkubwa.

Kisha akaanza kuchanganya masomo. Kusoma, kuandika na hesabu vilikuwepo, lakini pia kushona, kupika, useremala, bustani na kusuka vikapu kwa mitambaazi iliyoota yenyewe porini. Ukitaka kuelewa, fikiria mwalimu wa Kwale anayewafundisha watoto hesabu huku wakisuka mikoba ya ukindu, wakihesabu miaa na kupima upana.

Wazazi hawakufurahi, na usiwacheke. Wao au baba zao walikuwa wametoka kufanya kazi za mikono bila malipo, maisha yao yote. Walimpeleka mtoto shule ili ashike kalamu. Sasa mwalimu anamrudisha kwenye jembe na sindano? Walilalamika, na wengine wakataka aondolewe kabisa.

Virginia hakukimbia. Alianza kuwatembelea nyumbani mmoja mmoja. Aliwakusanya kina mama, akakaa na wazee, akawafundisha watoto hata Jumapili. Hakuacha kufundisha vitabu, na hakuacha kazi za mikono. Polepole wazazi wakaona mtoto anayerudi nyumbani anajua kusoma barua na pia anajua kujishonea nguo. Malalamiko yakapungua, na wale wale waliotaka aondoke wakaanza kuja shuleni kusaidia.

Kumbuka jambo hili, kwa sababu litakuja kutusaidia mbele. Kabla Virginia hajamfundisha mwalimu yeyote, alikuwa amekaa darasani zaidi ya miaka 16. Alijua maana ya kukataliwa na wazazi. Alijua darasa linalovuja. Hakuna mwalimu ambaye angeweza kumwambia kwamba yeye haelewi.

Pesa za bibi wa Philadelphia

Mwaka 1907 mwanamke mmoja tajiri wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za mashambani za watu weusi wa kusini mwa Marekani. Alikuwa mzungu, mwenye imani ya Quaker, na alifariki mwaka huo huo. Dola milioni moja za wakati ule zilikuwa mali ya kutisha. Mfuko ukaundwa kuzisimamia. Sasa swali likawa: zitumiweje?

Zingeweza kujenga majengo. Zingeweza kununua vitabu. Lakini katika kaunti ya Henrico, mkuu wa elimu aliyeitwa Jackson Davis alikuwa amezunguka shule zake na kuona jambo. Shule nyingi za weusi zilikuwa hoi, ila moja ilikuwa tofauti, ile ya Mountain Road. Pesa za serikali zilikuwa chache kule kama kwingine. Tofauti ilikuwa mwalimu.

Davis akawaza: je, mwalimu huyu akitolewa katika chumba chake kimoja, akapewa nafasi ya kuzunguka shule zote, si walimu wengine watajifunza kwake? Aliuomba mfuko wa Jeanes ulipe mshahara. Ukakubali. Mwezi wa Oktoba mwaka 1908 Virginia Randolph akawa mwalimu wa kwanza wa Jeanes, kwa dola 40 kwa mwezi.

Hakukuwa na mwongozo, kwa sababu kazi yenyewe haikuwahi kuwepo. Alikabidhiwa shule zaidi ya 20 zilizotawanyika kaunti nzima, na ilimbidi aijue kazi kwa kuifanya.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Alizunguka kwa gari la farasi. Alifika shule ya kwanza, akatazama, akazungumza na mwalimu, akauliza kinachomsumbua. Hakufika na dawa moja ya kila ugonjwa. Shule hii ilihitaji uzio, ile ilihitaji mwalimu aonyeshwe namna ya kuwapanga watoto wa madarasa tofauti katika chumba kimoja. Nyingine shida yake ilikuwa wazazi, basi mkutano wa wazazi ndio uliotangulia.

Walimu wa Jeanes waliomfuata walikuja kujulikana kwa kanuni moja rahisi: fanya jambo ambalo linahitajika sasa hivi, kisha lile linalofuata. Hawakungoja mpango mkubwa wa miaka mitano. Kama mlango umevunjika na baridi inawapiga watoto, anza na mlango. Mtoto anayetetemeka hasikii hesabu.

Sasa linganisha na mkaguzi. Kwa miaka mingi walimu wa Kenya walimwogopa mkaguzi wa shule kama simba. Gari lake likionekana kwa mbali, walimu walikimbizana kutafuta maandalio ya masomo. Mkaguzi alikuja kutafuta kosa, akaliandika, akaondoka nalo. Mwalimu alibaki na shida yake vile vile, pamoja na barua ya kujieleza. Ukaguzi una kazi yake, hatukatai. Lakini Virginia alifanya kitu kingine. Aliona kosa, akakaa nalo pamoja na mwalimu, kisha akarudi tena kuona kama limepona.

Mwisho wa mwaka wa kwanza aliandika ripoti ya alichokifanya, shule baada ya shule. Jackson Davis aliichapisha na kuisambaza katika majimbo ya kusini. Ikaitwa Mpango wa Henrico. Kaunti nyingine zikaanza kuajiri walimu wa aina hiyo, wengi wao wanawake weusi, na kazi hiyo ikaendelea huko Marekani hadi mwaka 1968. Fikiria: miaka 60 ya walimu wa vijijini kutembelewa na wenzao, na chanzo ni ripoti ya mwalimu wa shule ya chumba kimoja.

Yote hayo aliyafanya katika nchi iliyokuwa imemfungia mlango. Mwaka 1902 jimbo la Virginia lilipitisha katiba iliyowanyang'anya weusi wengi haki ya kupiga kura. Shule zilitenganishwa kwa sheria, na za weusi zilipata makombo. Virginia Randolph hakuweza kumpigia kura mtu aliyegawa bajeti ya shule zake. Alichoweza ni kumfanya mwalimu mmoja awe bora kuliko alivyokuwa mwezi uliopita, kisha mwalimu mwingine, kisha mwingine.

Shule iliyoungua

Mwaka huo huo wa 1908, yeye na wanafunzi wa Mountain Road walipanda miti 12 ya kivuli uwanjani, wakaipa majina ya wanafunzi 12 wa Yesu. Mwaka 1915 ilifunguliwa hapo shule kubwa zaidi iliyobeba jina lake. Watoto wengine walitoka mbali mno, hawakuweza kwenda na kurudi kila siku. Akawapokea nyumbani kwake wakalala huko ili wasome.

Mwaka 1929 moto ukaiteketeza shule ile ya mbao. Kwa mtu aliyetumia ujana wake wote kuijenga, hilo lilikuwa pigo kubwa. Lakini ikajengwa upya, safari hii kwa matofali.

Heshima nazo zilikuja. Mwaka 1926 alipewa tuzo ya taasisi ya Harmon, iliyotolewa kwa Wamarekani weusi waliofanya makubwa. Hakuacha kazi kwa sababu ya tuzo. Alistaafu mwaka 1949, baada ya miaka 57 tangu alipoingia Mountain Road. Alifariki tarehe 16 Machi 1958. Kaburi lake liko pale pale palipokuwa shule yake, karibu na nyumba iliyogeuzwa kuwa makumbusho ya maisha yake. Mwaka 1974 nyumba hiyo iliorodheshwa na serikali ya Marekani kuwa alama ya historia ya taifa.

Njia yake yafika Kabete

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika. Ndani yake alikuwemo Dkt James Aggrey, mwalimu mzaliwa wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliyekuwa amefundisha Marekani miaka mingi. Tume ilipendekeza njia ya walimu wa Jeanes ijaribiwe huku.

Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa pesa za shirika la Carnegie. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall, Mskoti aliyekuwa katibu wa tume ile. Waliochaguliwa hawakuwa vijana wabichi. Walikuwa walimu wenye uzoefu, wakaja na wake zao na watoto, wakaishi katika nyumba ndogo zilizojengwa kama kijiji. Wanaume walisomea ualimu, afya na kilimo, na wake zao nao walikuwa na masomo yao. Baada ya hapo walirudi makwao kuzitembelea shule za vijijini na kuwasaidia walimu wa huko.

Njia hiyo ikaenea. Malawi, wakati huo Nyasaland, nayo ikapata kituo chake cha Jeanes karibu na Zomba. Mwaka 1935 wahusika kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Salisbury, mji ambao leo ni Harare, kuzungumzia kazi hiyo.

Lakini angalia jina. Shule ya Kabete ilibeba jina la Jeanes, yule aliyetoa pesa. Aliyebuni kazi yenyewe, aliyepigwa na baridi njiani juu ya gari la farasi, jina lake halikupandishwa juu ya lango. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma ualimu Kenya mwanzo hadi mwisho bila kumsikia Virginia Randolph.

Na angalia pia kilichopotea njiani. Huko Henrico, mwalimu mweusi alijiamulia mwenyewe shule inahitaji nini, akabishana na wazazi wa jamii yake mwenyewe mpaka wakaelewana. Huku, serikali ya kikoloni na misheni ndizo zilizoamua. Wakoloni wengi walipenda elimu ya jembe kwa Mwafrika kwa sababu ilimweka mahali walipotaka akae. Wazazi wa Kiafrika waliliona hilo. Wengi walidai Kiingereza na masomo yale yale aliyosoma mtoto wa mzungu, na wengine wakajenga shule zao wenyewe za kujitegemea. Hofu yao ilikuwa ile ile ya wazazi wa Mountain Road, ila safari hii hakuja mtu nyumbani kuwasikiliza.

Baadaye kazi ya shule ya Kabete ilibadilika, na mwaka 1961 mahali pale pakawa Taasisi ya Utawala ya Kenya, iliyojulikana kama KIA. Leo ni Shule ya Serikali ya Kenya, na moja ya matawi yake liko Matuga, hapa hapa Kwale. Ukipita pale kwa matatu ukitoka Likoni, ujue kwamba chuo kile kina ukoo na historia hii.

Tableti badala ya farasi

Kazi yenyewe haikufa. Baada ya uhuru vikaja vituo vya ushauri vya walimu, yaani TAC, kisha CSO. Mwaka 2015 mradi wa Tusome ulipoanza katika shule za msingi za umma nchi nzima, maafisa hao walipewa tableti. Walikaa darasani, wakaandika walichokiona, wakamwambia mwalimu palipo pazuri na pa kurekebisha. Nauli yao ilirudishwa kulingana na ziara walizofanya. Jambo dogo hilo, nauli, si mchezo. Afisa asiye na pesa ya mafuta atazitembelea shule za kando ya lami, na zile zilizo mwisho wa njia ya vumbi zitasubiri.

Je, kazi hii inasaidia kweli, ama ni kuzungukazunguka tu? Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Matthew Kraft walikusanya tafiti 60 kuhusu kuwanoa walimu darasani, nyingi zikiwa za Marekani. Walikuta kwamba ufundishaji huimarika na matokeo ya wanafunzi nayo hupanda. Lakini walikuta na jambo jingine: mradi unapokuwa mkubwa, faida hupungua. Si ajabu. Kocha wa timu moja humjua kila mchezaji kwa jina, anajua nani goti lake linauma. Mpe timu 50, atabaki kujaza fomu.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Tukimpa afisa mmoja shule nyingi kuliko anazoweza kuzizunguka, tukamwongezea ripoti, mitihani na mikutano, tunamgeuza kuwa mkaguzi bila kutaka. Atafika mara moja kwa muhula, atapiga picha, ataondoka. Na mwalimu kijana wa kule mwisho wa barabara atarudi kukosea peke yake.

Wewe unaingilia wapi?

Pengine unasema haya ni mambo ya wizara na TSC, hayakuhusu. Subiri kidogo.

Kama wewe ni mwalimu mpya, usingoje afisa afike. Uliza nani pale kijijini aliwahi kushika chaki. TSC humstaafisha mwalimu akifika miaka 60, lakini ujuzi wake haubaki ofisini pamoja na faili. Yule mzee anayeketi barazani baada ya alasiri, ambaye kila mtu mtaani humwita Mwalimu hadi leo, huenda alifundisha darasa la kwanza miaka 30. Anajua namna ya kumfundisha kusoma mtoto anayeongea Kidigo nyumbani na kukutana na Kiingereza shuleni. Mpe shikamoo, mweleze kinachokushinda, kisha muombe mwalimu mkuu amkaribishe siku moja aje atazame somo lako. Itakutisha. Kutazamwa humtisha kila mtu. Ila ukishazoea utashangaa ulivyokuwa umechoka kubeba kila kitu mwenyewe.

Kama wewe ndiye mstaafu, au mzazi wako ni mstaafu, jifunze kwa Virginia namna ya kuingia katika darasa la mwenzako. Ingia kama mgeni, usiingie kama mwenye nyumba. Usianze na habari za jinsi enzi zenu zilivyokuwa bora. Uliza kwanza, saidia jambo moja, na urudi. Mtaala umebadilika, na kuna mambo ambayo kijana atakufundisha wewe. Hilo nalo si aibu.

Na kama wewe si mwalimu kabisa, bado ni mkazi na mpiga kura. Mwanasiasa akija kuahidi madarasa mapya, mshukuru, halafu muulize: ndani ya darasa hilo mwalimu atasaidiwa na nani? Afisa wa eneo letu ana shule ngapi? Ana pikipiki? Ana mafuta? Jengo hupigwa picha vizuri, lakini ile shule ya Mountain Road ilikuwa chumba kimoja tu, na ndiyo iliyobadilisha nyingine zaidi ya 20, kwa sababu mwalimu mmoja aliruhusiwa kutoka nje ya mlango wake na kwenda kubisha kwa jirani.

Virginia Randolph alianza na dola 40, farasi mmoja na shule ambazo hakuna aliyezitamani. Sisi tuna lami mpaka Lungalunga, tuna simu mfukoni, tuna walimu wastaafu karibu kila kijiji. Kilichobaki ni mtu wa kubisha hodi, na mwalimu wa kumkaribisha ndani.